Posa yangu ya Uroa ilivyosimamishwa kwa ajili ya jini wa kwenye gemu

Wakuu, asalaam alaykum. Na wale wa kanisani, habari za jioni.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, nnacheka kwenye nyuzi za wenzangu kisha nnapita zangu. Leo nna langu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, kwa hiyo anayetaka kusema hii ni chai, naomba anisikilize mpaka mwisho kwanza.

Mimi ni mtu wa Mji Mkongwe, mhasibu wa hoteli ndogo hapa hapa mjini. Jioni za katikati ya wiki nnasomesha watoto chuoni. Chuo nnachosema ni cha Qur'ani, wenzetu wa bara mnaita madrasa.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba mimi ni mcheza gemu. Siyo la simu wala la kwenye tivii. Ni gemu la mezani, na halina hata ubao.

Nieleze kidogo maana najua mtauliza.

Mnakaa watu wanne watano. Mmoja ni msimulizi, anawaambia wenzake wapo wapi na mbele yao kuna nini. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake. Msimulizi anasema: mmefika mlangoni, umefungwa, ndani kuna mtu analia, mnafanya nini? Kila mtu anasema mhusika wake anafanya nini, na hadithi inakwenda vile walivyoamua. Likija jambo gumu, kama kupigana au kuruka ukuta, inarushwa dadu kujua umefaulu au umeanguka.

Msimulizi wetu ni mimi. Mtasema najisifu, na kweli najisifu, maana sauti za watu nazitoa mpaka wenyewe wanasisimka.

Kitabu cha gemu aliletewa Masoud, mtoto wa baba yangu mkubwa, fundi simu, na rafiki yake aliyekuwa anasoma nje. Mwengine ni Deo, mpishi wa hotelini kwetu, Mkristo, mtu wa bara, mrefu na kifua kama kabati. Sasa huyo Deo mhusika wake ni bibi muuza urojo, anaitwa Bi Tatu, na silaha yake ni upawa. Deo akianza kusema kwa sauti ya Bi Tatu, mbavu huna. Wapo wengine wawili lakini kisa hiki hakiwahusu sana.

Tunacheza Jumamosi baada ya alasiri, nyumbani kwetu, chumba cha juu.

Sasa tuje kwenye dini, maana uzi wenyewe ndio huo.

Siku ya kwanza tu nilipoiona ile dadu roho yangu ilisita. Nikaenda kwa mjomba wangu, Maalim Hamad, ndiye aliyenisomesha mimi tangu alifu. Nikamueleza kila kitu. Akaniambia dadu katika madhehebu yetu hatuigusi, hata kama hamuwekeani pesa.

Nikarudi na wazo. Tukatoa dadu, tukaweka dhumna. Unazifunika, unachukua moja, unahesabu nukta. Nikaenda kwa Maalim na kifua mbele.

Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Umembadilisha kanzu tu, mtu ni yule yule."

Wakuu, niliumia, lakini alikuwa na haki. Bahati ni bahati tu, iwe ya dadu au ya dhumna.

Masoud alitaka tuendelee tu, nani anatuona? Mimi nikasema hapana. Nikakaa wiki nzima nnafikiri, kazini nnachanganya hesabu za wageni. Mwisho nikaja na komwe, zile mbegu za kuchezea bao.

Iko hivi. Kila mchezaji anaanza siku na komwe zake. Likija jambo gumu, unaficha kwenye kiganja komwe unazotaka kutumia. Na mimi msimulizi naficha zangu. Tunafumbua pamoja. Mwenye nyingi ndiye kashinda, na ulizotumia zimekwenda, huzioni tena mpaka Jumamosi ijayo. Hapo hakuna bahati. Unapima jambo lina thamani gani kwako, na unamsoma mwenzako usoni.

Gemu likawa tamu kuliko la kitabuni. Walahi, siongezi chumvi.

Kitabu kilikuwa pia na miungu chungu nzima, kila mlima na wake. Tukawatoa wote. Deo ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema hao hawataki, hata kwa mchezo. Majini tuliwabakisha kwa kuwa tunaamini wapo, lakini sheria ya meza ikawa mhusika akimuomba jini haja yake, basi atabeba matokeo yake mpaka mwisho wa hadithi. Maalim alisikiliza yote akasema, "Kisa ni kisa. Angalia tu kinamfunza nini anayekisikiliza."

Basi tukaendelea hivyo kwa amani. Mpaka nilipotaka kuoa.

Mchumba wangu anaitwa Zuhura, mwalimu wa skuli hapa mjini, kwao Uroa. Baba yake alishafariki, walii wake ni baba yake mdogo, Mzee Makame. Nikatuma washenga, wakapokewa vizuri, wakarudi wanasifia pweza wa nazi.

Huku kwetu posa haijibiwi siku ile ile. Upande wa mke wanakwenda kuulizia. Mtu wao anakuja mtaani kwako bila kujitangaza, anauliza msikitini, anauliza dukani, anauliza majirani: kijana huyu yukoje?

Alikuja Mzee Makame mwenyewe. Msikitini wakamwambia hana neno, safu ya mbele. Muuza duka akamwambia hana neno, hakopi.

Kisha akafika kwa Bi Asha.

Bi Asha ni jirani yetu, mama mtu mzima, dirisha lake linatazamana na la chumba chetu cha juu. Mnaoijua mitaa ya Mji Mkongwe mnaelewa, mtu anaweza kukupa chumvi kwa mkono kutoka dirishani kwake. Akasema kijana mzuri, ana adabu, ananibebea maji. Ila Jumamosi wanajifungia wanaume peke yao, na mwenyewe nimemsikia kwa masikio yangu akitoa sauti siyo yake, anasema: mmeniamsha usingizini, nani kati yenu atanilipa? Na kuna mwengine anapandwa na bibi kizee.

Ile sauti ni ya jini wa kwenye hadithi yetu. Huyo bibi kizee ni Deo.

Wakuu, simlaumu hata kidogo. Alichosikia ndicho alichosema. Mimi ndiye mjinga, maana Jumamosi zote zile nilikuwa nnasikia harufu nzuri ya ubani inatoka kwake nnafikiri anatufurahisha. Kumbe anafukiza kutufukuza, na kutusomea Ayatul Kursi juu.

Washenga wakaitwa Uroa. Jibu: posa imesimama. Familia haiwezi kumuoza binti kwa mtu anayepandisha majini.

Mama yangu alilia. Mimi niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, nasomesha watoto Qur'ani halafu naitwa mganga. Na Zuhura nampenda, hilo nalisema wazi, sikuwa na mpango wa kumkosa.

Masoud akaja na dawa yake. Niseme tulikuwa tunafanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza wa skuli, na umekwisha. Ni neno moja, wazee watacheka, yataisha. Na kweli ilikuwa rahisi hivyo. Nilikaribia kukubali.

Nikampigia Zuhura kumsikiliza. Hakulia wala hakunibembeleza. Alisema hivi: "Ukiwaongopea wazee wangu leo kwa ajili yangu, kesho utaniongopea mimi kwa ajili ya kitu chengine."

Nikaikata simu nikamuomba mjomba ampelekee ujumbe Mzee Makame. Sisemi nimeacha, na sisemi ni kitu chengine. Jumamosi aje akae chumbani aone kwa macho yake. Akiona shirki, kwamba tunamshirikisha Mungu na majini, posa nnaifuta mwenyewe.

Akaja. Kanzu nyeupe, bakora, maneno machache. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Akakataa kiti cha mbele, akakaa pembeni. Akasema tuendelee kama siku zote, tusimfanyie adabu ya mgeni.

Deo aliniuliza kwa macho kama leo tumuache yule jini. Nikatikisa kichwa. Tulikuwa tumefika hapo wiki iliyopita na hapo ndipo tuanzie, kama kuna la kuharibika liharibike kwa ukweli.

Hadithi yetu ilikuwa kwenye pango la Mangapwani. Mhusika wa Masoud ni seremala, bintiye mdogo amepotea mle ndani. Wamepigana njia nzima, komwe zimewaishia. Deo kabakiwa na moja. Masoud kiganja kitupu.

Nikatoa ile sauti. Niliitoa yote, sikuipunguza. Jini akasema: mtoto ninaye. Sitaki vita na nyinyi. Nichinjie kuku mweusi hapa mlangoni, muondoke naye.

Masoud anatazama kiganja chake.

Ikalia adhana ya magharibi.

Tukasimama pale pale, ndiyo kawaida yetu, hata upanga uwe shingoni. Deo akabaki kuweka maji ya chai jikoni, sisi tukashuka kwenda msikitini. Mzee Makame akatufuata. Nilisali lakini nakiri akili yote ilikuwa Uroa.

Tukatoka. Nje ya msikiti mzee akasimama barazani, hajavaa hata viatu, akamshika Masoud mkono.

"Yule kuku, utamchinja?"

Masoud alishtuka. Akasema, "Simchinji, mzee."

"Na mtoto?"

Masoud alifikiri, na namjua Masoud, hapo hakuwa anacheza tena. Akasema, "Mtoto kanipa Mungu. Kama nitampata nitampata kwake, siyo kwa yule."

Mzee Makame akakaa. Wakuu, yule mzee mkavu alikaa kwenye ile baraza akajifuta macho kwa kofia.

Akatuhadithia kwamba Zuhura alipokuwa mdogo, hajaanza hata skuli, alishikwa na degedege kali. Watu wote wa kule wakasema jini apelekewe kuku pangoni, ndiyo dawa. Baba yake akakataa. Akambeba mtoto akampeleka hospitali, na watu wakamsema kuwa hana huruma na mwanawe.

Kisha akasema, "Kuku nilimnunua mimi. Nilifika naye mlangoni, nishamfunga miguu. Kaka yangu akanirudisha."

 

Akaniambia mimi sasa, na hii ndiyo mara ya kwanza kunitazama usoni: "Kaka hayupo, nimebaki mimi wa kumlinda mtoto wake. Niliposikia habari zako nikasema, nimpeleke kwenye nyumba ya mambo ambayo baba yake aliyakataa? Ndiyo maana niliisimamisha. Sikukuchukia."

Nikamwambia, "Naam mzee, nimefahamu."

Pale hakujibu habari ya posa. Mambo haya hujibiwa kwa washenga, na yeye ni mtu wa taratibu. Alipanda juu akanywa chai, akamuuliza Deo anatia nini kwenye urojo wa Bi Tatu, akaondoka zake. Ijumaa iliyofuata washenga wakaitwa Uroa, na safari hii jibu lilikuwa ni la kutaja mahari.

Siku ya nikaha, msikitini kule kule kwao, tumekaa ana kwa ana na Mzee Makame, kanishika mkono kama inavyotakiwa, watu wote wametulia wanangoja aanze. Akainama sikioni kwangu.

"Yule mtoto kapatikana?"

Nikamwambia kapatikana, mzima. Akasema alhamdulillahi, akakaa sawa, akaniozesha.

Bi Asha nilikwenda kumuomba radhi kwa kumtia hofu miezi yote ile. Alinisamehe, lakini anasema ile sauti niipunguze. Ubani bado anafukiza.

Sasa wakuu, funzo nililolipata mimi. Watu wanadhani ukishika dini basi lazima uache kila unachokipenda, au ukishika unachokipenda dini uifiche kabatini. Mimi nilikaa na vyote viwili juu ya meza moja, nikauliza wanaojua, nikatoa kilichofaa kutolewa hata pale ambapo hakuna aliyekuwa ananiona. Kwa hiyo alipokuja mtu kunipeleleza hakukuwa na cha kuficha. Ningeongopa siku ile ningempata Zuhura, lakini ningekuwa mkwe wa uongo kwa mtu aliyenifungulia kifua chake nje ya msikiti.

Najivunia, sifichi. Najivunia Masoud na jibu lake, najivunia komwe zetu, na zaidi najivunia mke wangu na baba yake nisiyewahi kumuona.

Wenye maoni karibuni. Mnaoona bado ni haramu njooni na hoja, nitasoma kwa adabu na nyingine nitampelekea Maalim. Na wale wanaocheza huko mitaani kwenu, majirani mmewaambia nini?