Rangi ya Lori la Baba

Jirani yangu anapaka geti lake rangi, na harufu ya rangi ya mafuta iliyochanganywa na petroli imeingia hadi sebuleni kwangu. Wengine ikiwafikia huumwa kichwa. Mimi, niwaambie ukweli, hushikwa na wivu.

Tulikuwa tunaishi Bujonde, na baba alikuwa na lori kuukuu la kubebea mpunga. Mama aliliita mke mwenzake, na hakuwa anatania sana. Kipaimara changu kilipokaribia, baba alirudi kutoka Kyela mjini na makopo ya rangi ya buluu. Mimi nikaambiwa nitavaa gauni jeupe la dada yangu, lililofumuliwa pindo. Siku ni yangu, halafu anayevaa kipya ni lori! Alilipaka kwa brashi kila jioni, taratibu, hadi uvunguni ambako hata kuku hawaangalii. Nilikuwa nikipita karibu nasonya.

Asubuhi ya kipaimara nikapandishwa mbele, mama pembeni yangu. Baba akageuza ufunguo. Lori likatoa mlio mmoja, ta! Taa za dashibodi zikafifia, kisha kimya. Akarudia: ta! Askofu alikuwa anatusubiri kanisani Kyela, na atakayekosa angengoja hadi mwaka mwingine. Wajomba wakajaribu kulisukuma, lakini kwetu ni tambarare na mvua ilikuwa imenyesha. Matairi yakazama kwenye tope. Nikaanza kulia.

Baba akavua koti, akaingia uvunguni na shati lake la ibada. Alikuwa na balbu ndogo yenye nyaya mbili ya kupimia umeme. Akaigusisha kwenye betri, ikawaka vizuri. Akapima waya mnene unaokwenda kwenye stata ya kuwashia injini, nao ulikuwa na umeme. Kupitia tundu la sakafu nilimsikia akilibembeleza lori: "Niambie basi, mama. Unaumwa wapi?"

"Muulize na chai kama amekunywa," mama akamjibu.

Mimi sikucheka. Roho iliniuma kwelikweli. Nilipolazwa na malaria hakuniuliza hivyo hata mara moja. Alisimama mlangoni akikuna kidevu, akaenda zake.

Mara akagusisha waya mmoja wa balbu kwenye betri na wa pili kwenye chesisi, na balbu ikawaka kwa shida. "Kumbe ni mimi mwenyewe!" akasema. Alipokuwa anapaka, alifungua waya wa ethi, ule unaounganisha betri na chuma cha gari, ili rangi ifike kila mahali. Kisha akaufunga juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme vizuri. Akachukua kisu, akaanza kuikwangua. Sauti ile ya kukwangua ilinifurahisha kuliko kwaya zote za siku hiyo. Chuma kilipong'aa akakaza nati, akapanda, akageuza ufunguo, na lori likanguruma. Tulifika askofu akiwa bado anavaa joho.

Mwaka jana nilikisimulia kisa hiki nyumbani kwa wazazi, tumekaa tunapasua kokoa. Watu walicheka hadi machozi, isipokuwa mama.

"Wewe umesahau," akasema. "Ulirudi kutoka shuleni unalia, wenzako wamekwambia utaletwa kanisani juu ya lori la skrepa. Baba yako alikuwa hapo nje, akasikia. Kesho yake akaenda kutafuta rangi. Akaniambia, mwanangu asichekwe siku yake."

Sikukumbuka kulia huko hata kidogo. Miaka yote nimeionea wivu rangi ambayo ilipakwa kwa ajili yangu, na nilishangilia ilipokuwa inakwanguliwa. Nikamgeukia baba. Siku hizi hasikii vizuri, na alikuwa anatutazama tu tunavyocheka. Nikapiga goti mbele yake, nikapaza sauti kwa kilugha chetu: "Ndaga fijo, tata."

Akatazama kikombe chake kitupu, akanitazama mimi. "Unanishukuru nini, na chai yenyewe hujaniletea?"

Nikaenda jikoni kuileta, nikakawia huko hadi macho yakauke.