Shazia na Kipande cha Ukili

Shangazi yangu, aliyenilea, hakuwahi kunifundisha neno la kumwambia mwanamume anayenisumbua. Alinipa shazia. Ni ile sindano kubwa ya chuma ya kushonea mikeka, na aliichomeka mwenyewe kwenye pindo la kanga yangu, ncha akiizamisha ndani ya kizibo isije ikanichoma.

"Njia ya bandani ina watu," alisema, kisha akarudi kwenye ukili wake, ule mkanda mrefu wa miyaa unaosukwa kabla ya kushonwa mkeka.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na ushei, nimepewa darasa la watu wazima hapo Kerege, katika miaka ile ambayo nchi nzima ilihimizwa kusoma. Nilikasirika siku hiyo, na hadi leo nikikumbuka nakasirika upya. Hao "watu" walikuwa mtu mmoja, na kijiji kizima kilimjua.

Alikuwa mpimaji wa korosho. Banda lake la mizani lilikuwa kando ya njia, na darasa langu lilikaa nyuma ya banda hilohilo, kwa sababu ubao wetu ulitundikwa kwenye ukuta wake wa mabati. Kila alasiri sikuwa na budi kumpita. Naye alikuwa rika la marehemu baba, kwa hiyo sikuwa na budi kumwamkia. Nikisema shikamoo, ananyoosha mkono, na mkono wa mtu mzima haukataliwi. Anaitikia marahaba polepole. Anauliza habari za nyumbani, za shangazi, za masomo, na muda wote huo hauachii mkono wangu. Kidole chake kinakwaruza kiganja changu, na mkono wake wa pili unapanda begani, unashuka mgongoni. Wachukuzi wa magunia wanatazama pembeni kana kwamba kuna jambo la maana huko porini. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alinishika kwa adabu zangu mwenyewe.

Siku moja mkono wa pili ulishuka kupita kiasi. Nikachomoa shazia kwa mkono wa kushoto, nikamchoma nyuma ya kiganja kilichokuwa kimenishika. Alipiga kelele kama aliyeumwa na nge. Nikaenda zangu darasani, nikafundisha.

Kesho yake asubuhi tukaitwa kwa balozi wa nyumba kumi, mimi na shangazi. Wanaume wa kijiji walikuwa wamejaa barazani, na mpimaji alikuwa ameshafika, mkono umefungwa kitambaa kikubwa kuliko jeraha lenyewe.

"Mwalimu," balozi alianza, "nasikia unatembea na silaha."

"Natembea na shazia, mzee."

"Ya nini, nawe hushoni mkeka?"

"Muulize yeye mkono wangu alikuwa anautakia nini."

Shangazi akanivuta kanga. "Tuwie radhi, baba," akamwambia balozi. "Mtoto huyu hasira zake ziko karibu."

Nilimtazama shangazi nikahisi machozi, na yalikuwa machozi ya ghadhabu. Sindano alinipa yeye. Sasa ananiombea radhi kwa kuitumia.

Mpimaji akasema yeye alikuwa akinisalimia tu, kama mwanawe. Balozi hakumuuliza swali hata moja. Alikunakuna ndevu, akatoa hukumu aliyoiona ya busara sana: shazia pamoja na ukili ni chombo cha kazi, shazia bila ukili ni silaha. Nikionekana tena na shazia tupu, atakwenda kuomba tuletewe mwalimu mwanamume, na mimi nikae nyumbani. Darasa lile lilikuwa kitu pekee duniani nilichoweza kukiita changu. Nikasema nimesikia.

Basi shazia ikabaki pindoni, nami nikawa natembea na kipande cha ukili kwapani. Niendako, ukili. Nilijiona kituko. Mpimaji aliponiona mara ya kwanza akacheka hadi akashika mizani. "Siku hizi mwalimu unasuka njiani?" Nikamwamkia kwa mbali, mikono yote miwili nimeikumbatia kwenye ukili, nikapita. Akaniita nirudi nimpe mkono. Sikurudi, lakini nilijua kesho nitapita tena.

Alasiri ile nilisimama mbele ya wanafunzi wangu nikiwa na moto kifuani. Walikuwa wanawake watupu, shangazi akiwa miongoni mwao, wamekaa kwenye jamvi wakisuka huku wakisoma, kama kawaida yao, maana vidole vyao havikuhitaji macho. Ndipo nikaona jambo ambalo nilikuwa nikiliona kila siku bila kulifikiria. Kila mmoja alikuwa na shazia penye pindo la kanga. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa akishona. Ukili husukwa kwa vidole vitupu. Shazia haina kazi mpaka ukili uwe mrefu wa kutosha kuunganishwa kuwa mkeka, na kazi hiyo hufanyiwa nyumbani, uani. Balozi hakulijua hilo, hajapata kusuka maishani mwake. Lakini wao walilijua. Walikuwa wakija darasani na sindano wasizozihitaji, wake za watu na bibi za watu, kila siku, na jioni wakirudi kuwapikia wanaume waliokaa barazani kunihukumu mimi.

Nilitaka kuwafokea. Kwa nini mlininyamazia? Badala yake nikafuta somo la siku ile, lililohusu mbegu bora, nikaandika kwa herufi kubwa: NIACHIE MKONO WANGU.

"Someni."

Wakasoma kwa kunong'ona. Nikawaambia sisikii. Wakasoma tena. Vidole vikasimama kwenye ukili. Mara ya tatu mabati ya banda yalirudisha sauti zao, na upande wa pili wa ukuta kelele za kupima magunia zikakatika.

"Sasa mmoja mmoja," nikasema, na kwa hasira niliyokuwa nayo nikamnyooshea kidole shangazi.

Hakuwahi kusoma peke yake tangu darasa lianze. Alisimama taratibu, akalishika pindo lake palepale penye shazia. Alisoma silabi kwa silabi, kisha akaisoma yote kwa mfululizo, kwa sauti ambayo sikuijua, uso ameuelekeza kwenye mabati. Halafu akaisoma tena bila kuambiwa, na tena, mpaka mwenzake akamvuta kanga akae.

Hakukaa. "Niacheni," alisema, kidole akikielekeza upande wa mizani. "Huyu alianza na mimi."