Mwamba Usiotumika

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni bango. Nilikuwa nimepewa kazi ya kulisimika, na sikujua nilisimike wapi.

Chuo kimoja pale Kasulu kilitaka kupanuka. Kampuni ndogo ya mipango miji iliyonichukua kwa majaribio baada ya kuhitimu ndiyo iliyoshughulikia maombi yake ya kubadilisha matumizi ya ardhi. Utaratibu ulitaka tangazo liwekwe kwenye eneo lenyewe, ili mwenye pingamizi aandike kwa halmashauri kabla muda haujaisha. Eneo lenyewe lilikuwa mwamba mpana nyuma ya chuo. Wapimaji walikuwa wameupima katikati ya masika, wakaukuta mtupu, unatiririka maji. Wakaandika kwamba hautumiki. Hapakuwa na nyumba wala mazao, kwa hiyo hapakuwa na wa kulipwa fidia.

Mimi nilikuwa naishi kwa shangazi yangu, mtaa wa chini ya mwamba huo. Wapimaji wangekuja kiangazi wangeukuta mweupe kwa mihogo. Wanawake wa mtaa huimenya, huiloweka kwenye maji ya bondeni, kisha huipandisha pale ikauke. Jua linaichoma juu, jiwe linaipika chini. Unga wa shangazi ulitoka pale, na maisha yetu ya kila siku yalitoka kwenye unga huo.

Bosi aliniambia nisimike bango getini, barabara kuu.

"Si linatakiwa liwe kwenye eneo lenyewe, bosi?"

"Na geti la chuo liko wapi, Kigoma mjini? Simika, piga picha, nitumie. Usifikirie sana, kijana."

Ndiyo shida yangu, kufikiria sana. Wanawake wale hupanda kwa njia ya bondeni, hawapiti getini hata siku moja. Bango lingekaa pale hadi muda uishe, na wao wangejua siku tingatinga linapofika. Niliwaza nimnong'oneze shangazi. Lakini hapo si ningekuwa natoa siri za ofisi? Niliwaza ninyamaze, halafu nikawaza nitakavyokula ugali wake nikiwa nimenyamaza. Na chuo nacho kilikuwa na haki yake. Wanafunzi walibanana kwenye vyumba vya kupanga, wasichana walirudi gizani kutoka maktaba. Nani alinipa mimi kazi ya kuchagua? Nikifukuzwa, ningerudi Kibondo kwa mama, ambaye kila akipiga simu huuliza kwanza kama mkataba umetoka, ndipo anasalimia.

Jumamosi nilimsaidia shangazi kubeba beseni hadi juu. Nilikuwa nageuza mihogo, nasogeza kipande, nakirudisha kilipokuwa, nakisogeza tena.

"Mwanao kasomea nini vile?" jirani mmoja akamuuliza shangazi.

"Kupanga miji."

"Mbona mihogo tu inamshinda kupanga?"

Wakacheka wote. Mwingine akasema, "Mwacheni msomi. Kuku wakija atawaandikia barua."

Shangazi hakucheka sana. Alinitazama. "We mwana, umekonda. Kuna nini huko kazini?"

"Hakuna kitu, shangazi."

"Haya. Hakuna kitu, lakini hicho kipande umekigeuza mara ngapi sijui."

Jumatatu asubuhi nilipakia bango, nguzo zake na sururu kwenye bajaji. Tulipofika njia panda dereva akauliza, "Getini, si ndiyo?" Akageuka kunitazama. Nilikuwa natafuta sababu nyingine ya kusubiri, na nikagundua zote nilikwisha kuzipitia, nyingine mara nyingi. Bosi alitaka bango na picha. Utaratibu ulitaka eneo lenyewe. Hapakuwa na siri yoyote ya kutoa, kwa kuwa tangazo lilikuwa la watu wote.

"Hapana," nikamwambia. "Teremka bondeni."

Jiwe halichimbiki, kwa hiyo nilichimba ukingoni, pale njia ya bondeni inapoibukia. Wanawake waliacha mihogo, wakasogea. Shangazi akasoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata maneno, hadi alipofika kwenye neno mabweni.

"Hapa? Juu ya mihogo?"

"Ndiyo maombi yao, shangazi. Mnaruhusiwa kupinga. Mnamwandikia mkurugenzi wa halmashauri, mnaeleza mnavyopatumia."

"Na wewe ndiye umelileta?"

"Ndiyo. Ni kazi yangu."

Akamgeukia yule aliyenitania juzi kuhusu kuku na barua. "Binti yako ana mwandiko mzuri. Mwite."

Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikapiga picha. Bango mbele, na nyuma yake mwamba mzima, mweupe kutoka ukingo hadi ukingo. Nikaitazama picha mara moja tu. Nikamtumia bosi.