Manyunyu Si Mvua

Huku juu ya Kiboriloni, kwenye vihamba vya migomba na kahawa, kitu kinachodondoka taratibu bila kukuzuia kukata majani ya ng'ombe hakiitwi mvua. Ni manyunyu. Anayesema "mvua" wakati wa manyunyu huonekana mvivu, mtu anayetafuta kisingizio cha kubaki jikoni. Winfrida alizaliwa na kukulia katika usemi huo, na ndio uliomponza.

Asubuhi huuza maziwa sokoni Kiboriloni. Jioni huwafundisha mpira wasichana wa kata yake. Mwaka jana timu yake ilibakiza mechi moja, tena ya nyumbani. Wakishinda, wangeshuka Moshi mjini kwenye fainali, ambako shule moja ilikuwa imeahidi kumsomesha bure kipa atakayeng'ara. Kipa wa Winfrida alikuwa Rachel, aliyemaliza kidato cha nne na ambaye mama yake hakuwa na njia nyingine ya kumwendeleza.

Siku ya mechi, Godwin, katibu wa ligi, alipiga simu kutoka Bomang'ombe, ambako jua lilikuwa likichoma.

"Shikamoo, kocha. Huko juu kuna mvua? Kama ipo sema sasa hivi, niahirishe kabla wageni hawajapanda gari."

Winfrida alitoa mkono dirishani. "Marahaba. Hakuna mvua, mwanangu. Ni manyunyu tu."

"Basi mechi ipo."

Wageni walipofika, wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye paa la kanisa. Ikaanguka mvua yenyewe, na ngurumo juu yake. Wiki chache nyuma radi ilikuwa imeua ng'ombe wa jirani kando ya uwanja huohuo. Winfrida akawaingiza wasichana wake katika darasa la shule ya jirani, akasimama mlangoni.

"Kocha, leta timu," alisema mwamuzi Eliezeri, maji yakimchuruzika kidevuni.

"Ahirisha, baba. Husikii ngurumo hizo?"

"Nimempigia katibu. Anasema wewe mwenyewe ulimwambia huku hakuna mvua."

"Nilisema manyunyu!"

"Haya, mama wa manyunyu. Leta watoto wacheze kwenye manyunyu yako."

Rachel alikuwa ameshavaa glavu. "Kocha, twende tu. Kulowa tumezoea."

"Kulowa siyo kufa. Kaa chini!"

Wageni wakajipanga uwanjani peke yao, wakitetemeka. Eliezeri akapuliza filimbi ya kuanza, akasubiri kama kanuni zinavyotaka, kisha akapuliza ya kumaliza. Wageni wakapewa ushindi wa mezani.

Radi haikupiga. Gari la wageni lilipokuwa likiteremka, mawingu yalipasuka, kilele cha Kibo kikaonekana cheupe, na jua likauwakia uwanja mtupu. Mama yake Rachel alikuja amejifunga khanga kichwani.

"Haya, kocha, tuhesabie. Wamekufa wangapi?"

Watu wakacheka. Winfrida alikusanya mipira, akiwaza. Aliyekufa huzikwa, watu wakaliona kaburi. Mtoto ambaye hakufa utamwonyesha nani awe ushahidi? Alikata rufaa, ikakataliwa kwa maneno yake mwenyewe: "Hakuna mvua, mwanangu." Fainali zikachezwa bila wao, na nafasi ya shule ikaenda kwa kipa mwingine.

Siku hizi Rachel anauza ndizi sokoni Kiboriloni, mkabala na ndoo za maziwa za Winfrida. Humwamkia kila asubuhi, maana amelelewa vizuri. Baada ya shikamoo hasemi kitu.

Juzi, msimu mpya ulipoanza, simu ya Winfrida iliita palepale sokoni. Alikuwa Godwin, akiuliza hali ya hewa. Manyunyu mepesi yalikuwa yakidondoka, yasiyotosha hata kulowesha khanga. Winfrida alitazama juu, akatazama ndizi za Rachel.

"Kuna mvua," alisema kwa sauti. "Mvua kubwa. Ahirisha."

Rachel aliendelea kupanga mafungu yake bila kuinua kichwa.

"Kumbe hilo neno unalijua, kocha," alisema.