Kilio Juu ya Dari ya Bi Karolina

Mpini wa ufagio ukigonga dari kutoka chini: hiyo ndiyo sauti ya utoto wangu huko Saint Paul, ughaibuni, miaka ya tisini. Tulipanga ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, katika mtaa uliojengwa zamani kwa ajili ya mafundi wa reli. Nyumba zilisimama bega kwa bega, kila moja na baraza yake mbele na kichochoro nyuma, na kwenye kona palikuwa na kanisa la matofali mekundu. Mwenye nyumba, Bi Karolina, mjane aliyezaliwa humohumo, aliishi chini yetu. Aligonga tulipokimbia, akagonga tena Baba aliposogeza meza, kisha akapanda kumwambia kwamba kelele zikiendelea atatafuta wapangaji wengine. Vuli ilikuwa inakwisha, na kupata nyumba kabla ya theluji, mtu mwenye watoto watatu, halikuwa jambo dogo. Tangu hapo tulitembea kwa soksi, kama wezi ndani ya nyumba tuliyoilipia kodi.

Asubuhi moja ya Jumamosi simu ikalia kutoka Korogwe: bibi, mzaa mama, amefariki. Mama hakuweza kusafiri. Msiba hauna mwaliko. Kufikia adhuhuri watu walishafika kutoka vitongoji vya Bloomington na Anoka, magari yamejipanga mtaa mzima, viatu vimejaa ngazi hadi chini. Baba alisimama mlangoni akiwapokea kwa sauti ya chini. ‘Karibuni. Tukae sakafuni, tafadhali, tusiburute viti.’ Mama alikuwa ameketi juu ya godoro, pindo la kanga limejaa mdomoni. Rafiki yake Mama Neema, muuguzi Mkenya, hakuvumilia.

‘Shemeji, kilio si redio, useme utakipunguza sauti.’

‘Tukifukuzwa tutalala kwako, Mama Neema? Sote watano?’

‘Mtalala. Ila wewe unakoroma, utalala gereji.’

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami niliusubiri mshindo huo kwa nyayo zangu, nimeziweka bapa sakafuni ili niuhisi ufagio kabla ya kuusikia. Haukugonga. Badala yake mlango wa chini ulifunguliwa, na hatua nzito zikaanza kupanda, zikitafuta nafasi kati ya viatu. Harufu ya wali wa nazi ilikuwa imejaa chumbani. Hakuna aliyenyanyua kijiko. Baba alifungua kabla hajabishiwa hodi.

‘Nani amefariki?’ Bi Karolina aliuliza.

Baba alimweleza, akaomba radhi, akaahidi kwamba wageni wataondoka mapema. Bi Karolina hakuonekana kuyasikia hayo. ‘Mmefiwa juu ya kichwa changu tangu asubuhi,’ alisema, ‘na hakuna aliyeshuka kuniambia.’

Baba, aliyekulia mahali ambapo jirani huambiwa kabla ya ndugu wa mbali, aliinamisha kichwa. Hofu ya kupoteza nyumba ilikuwa imetusahaulisha adabu zetu wenyewe. Bi Karolina akasema baba yake alilazwa ndani ya jeneza katika sebule ya chini, na watu wa mtaa walijaa hadi kwenye ngazi hizi. Kisha akauliza binti wa marehemu ni yupi. Magoti yake yasingeweza kufika godoroni, basi Mama Neema akamletea kiti, akakiburuta sakafu nzima. Sote tulishtuka, tukasubiri ufagio. Mwenye ufagio alikuwa anakikalia kiti chenyewe, ameushika mkono wa Mama. Hapo ndipo Mama alipoitoa kanga mdomoni, akalia kwa sauti.

Leo ninaishi Maple Grove, ambako nyumba zinatazamana kwa milango ya gereji na hakuna anayetembea juu ya kichwa cha mwingine. Mama alipofariki, majira ya baridi yaliyopita, tulikodi ukumbi. Saa yetu ilipokwisha mhudumu akaanza kukunja viti, nasi tukakunja vilio vyetu. Nilirudi nyumbani nikamwona jirani wa mkabala akinipungia mkono kutoka garini, mlango wa gereji yake ukishuka polepole. Miaka yote hiyo sikuwa nimelijua jina lake. Nilisimama kitambo, kisha nikavuka barabara na theluji yake, nikabonyeza kengele, ili nimwambie kwamba kwetu tumefiwa.