Mwalimu wa Jumamosi

Watu wa mtaa walimwita Posta, na mkewe walimwita Fundi, na majina yao halisi yalibaki kwenye vitambulisho tu. Posta alipanga barua miaka thelathini na minne katika chumba cha nyuma cha posta, amesimama mbele ya ukuta wa visanduku vya mbao, bunda la barua mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukiruka huku na huko bila hata kutazama. Ukikutana naye njiani hakukuita kwa jina, alikuita kwa namba ya sanduku lako. "Mia mbili kumi na saba! Hujambo?" Walikuwepo watu waliokufa zamani ambao namba zao bado alikuwa nazo kichwani. Fundi yeye alishonea sebuleni, cherehani chini ya dirisha, na kama kuna mwanamke wa ukoo ule aliyeolewa bila kupimwa kwa utepe wake, basi huyo aliolewa kwa siri.

Hawakujaliwa mtoto. Watu walisema waliyosema, kisha wakachoka, maana wale wawili walikuwa chanda na pete na hawakuonekana kupungukiwa na kitu. Kila Jumamosi saa nne asubuhi walitoka pamoja kwenda mgahawa wa kona, yeye na shati aliloshonewa, mkewe na mkoba wake wa kahawia. Walikaa meza ya dirishani, bega kwa bega, wakitazama wapita njia na kuwasengenya kidogo. Posta alikunywa kahawa isiyo na sukari, Fundi chai ya maziwa, na katikati yao kipande kimoja cha keki. Posta alikula upande wa juu wenye sukari, Fundi akala wa chini, na kama wiki ilikuwa na ugomvi, uliishia kwenye makombo. Posta alimwita mkewe "mwenzangu". Hata akikasirika alisema, "Mwenzangu, leo umenichosha."

Mambo yalianza kwenda kombo kwenye sherehe, si nyumbani. Katika harusi ya mpwa wao mmoja, Posta alimpa mkono bwana harusi akamwambia pole kwa msiba. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, wakidhani mzee anatania ndoa, na Fundi akacheka kuliko wote. Sherehe iliyofuata akamuuliza shemeji yake, mjane wa mdogo wake, mbona leo mumewe hakuja. Yule mdogo wake alikuwa na miaka sita kaburini, na Posta mwenyewe ndiye aliyeshika jeneza upande wa mbele. Hapo hakuna aliyecheka.

Aliyetazama kwa makini kuliko wote alikuwa wifi mkubwa. Huyu ndiye dada yake Posta, aliyewalea wadogo zake wote tangu mama yao alipofariki, na hakuwa na dogo. Alimvuta Fundi jikoni, akasukuma mlango kwa kisigino.

"Wifi, ndugu yangu anaumwa."

"Umri tu, wifi. Nani siku hizi hasahau?"

"Mimi nimemzidi umri, na jana nilikula nini nakumbuka. Nisikilize. Wewe huna nguvu, huna mtoto wa kukushika mkono. Siku atakayonitazama mimi usoni asinijue, namchukua. Nina vyumba, nina wakwe, nina watu. Nilimlea mara ya kwanza, nitamlea na ya pili."

"Na mimi je?"

"Wewe utakuwa unakuja kumtembelea."

Laiti angelisema kwa ubaya, Fundi angelijua pa kumjibu. Lakini wifi alisema huku machozi yanamlengalenga, na kila alilolisema lilikuwa na haki yake. Fundi alirudi nyumbani roho mkononi. Usiku ule alimtazama mumewe akivua viatu, kiatu kimoja akakiweka mlangoni, kingine juu ya cherehani, na akajiapiza kwamba mtu huyu hatoki katika nyumba hii.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Fundi alishusha albamu za picha kutoka juu ya kabati, akachukua mkasi wake wa kukatia vitambaa, ule ambao hakuna aliyeruhusiwa kukatia karatasi, akakata nyuso za ukoo mzima. Kila uso akaubandika kwenye kadi yenye ukubwa wa bahasha. Nyuma yake akaandika namba. Kadi zilifika thelathini na moja. Uso wake mwenyewe hakuukata. Nani anajiandikia barua nyumbani kwake? Tena katika picha nyingi hakuwemo, maana wenzake walipokuwa wakipigwa picha, yeye alikuwa amepiga magoti chini akimbana bibi harusi pindo kwa pini.

Jumamosi ilipofika alilisukuma lile bunda mbele ya Posta, mgahawani, kati ya kahawa na chai.

"Panga."

Posta alilitazama. Kisha mkono wake wa kushoto ukalichukua wenyewe, ukalipiga kingo mezani mara mbili lilingane, na wa kulia ukaanza kuruka. Ndugu wa damu mstari wa kwanza. Waume na wake zao mstari wa pili. Wapwa chini yao, na wakwe karibu na dirisha. Alikosea saba. Fundi alimrudishia zile saba.

"Namba moja?"

"Dada mkubwa."

"Namba tisa?"

"Mjane wa mdogo wangu." Akatua. "Kwani mdogo wangu amekufa?"

"Amekufa, ndiyo. Miaka sita. Usimuulizie. Namba kumi?"

Ndivyo Jumamosi zao zilivyokwenda kuanzia siku ile. Mhudumu wa mgahawa, mwanamke mnene mwenye utani, aliwauliza kama siku hizi wanacheza karata, Fundi akamjibu, "Tunacheza, tena nitashinda." Keki waliacha kuagiza, kwa sababu sukari yake iliganda kwenye kadi na kuzichafua nyuso. Kiti chake Fundi alikihamisha, akakaa upande wa pili wa meza, ili azione kadi vizuri na amwone Posta anaposita. Wapita njia wakapita bila kusengenywa na mtu.

Nyumbani nako mafunzo yaliendelea. Wakati wa kuosha vyombo: "Kumi na nne?" Wakati wa kufunga madirisha: "Ishirini na mbili, yule mwenye kipara?" Posta alijitahidi, maskini, alijitahidi kuliko alivyowahi kujitahidi posta. Mwezi wa tatu wa mafunzo alianza kujibu, "Sawa, mwalimu." Fundi alicheka sana siku ya kwanza. Alimsimulia hata yule mhudumu. Lile neno "mwenzangu" lilikuwa halijasikika kwa wiki kadhaa, ila mtu mwenye kadi thelathini na moja za kuhesabu hana nafasi ya kuhesabu maneno.

Wifi mkubwa alitimiza miaka sabini, na ukoo wote ukaitwa kwake Jumapili mchana. Turubai lilifungwa uani, viti vya plastiki vikapangwa, keki ya ghorofa mbili ikawekwa mahali ambapo watoto wasingeifikia. Fundi alimvalisha mumewe shati jipya la kijivu. Alipokifunga kifungo cha juu alipiga moyo konde, wakaondoka.

Wifi alikuwa amesimama getini kwa makusudi. Alisimama tu amemkazia macho ndugu yake, kama mtu anayesubiri hukumu.

"Dada mkubwa!" Posta akapanua mikono. "Sabini si mchezo. Bado unachapa watu?"

Mama wa watu alishika mdomo. Na Posta hakuishia hapo. Alipita safu kwa safu, mkono wa kulia ukitoka kwa huyu kwenda kwa yule, shemeji, mpwa, mkwe, binamu, kila mmoja na lake. Kwa mjane wa mdogo wake aliinamisha kichwa, akasema, "Shemeji, nipo pamoja nawe," wala hakumuulizia mtu. Mwishowe mpwa mmoja mcheshi akamletea kitoto kichanga cha wiki tatu ambacho hakikuwa na kadi. Fundi akasogea karibu.

Posta alikikagua kile kitoto. "Huyu," akasema, "bado hajapewa sanduku."

Turubai lote likaangua kicheko. Wifi mkubwa alimfuata Fundi jikoni kama mara ile, lakini safari hii mlango aliuacha wazi.

"Nisamehe, wifi. Nilitaka kukunyang'anya mtu na akili zake. Baki naye. Sitalisema tena jambo hili."

Fundi alimkumbatia, wakalia wote wawili huku masufuria yakichemka, na moyoni mwake Fundi alijisikia msichana. Alikata kipande kimoja cha keki, kimoja tu, akakiweka kwenye sahani na kukipeleka uani. Alivuta kiti, akakaa bega kwa bega na mumewe, mara ya kwanza baada ya miezi minane.

"Kula juu," akamwambia.

Posta alijisogeza kidogo pembeni, kwa adabu. "Mwalimu. Leo nimefanya vizuri?"

"Umefanya vizuri mno."

"Basi nikuambie neno, na usikasirike." Akatazama kulia na kushoto, akapunguza sauti. "Hizi Jumamosi zetu za mgahawani, naona tuziache. Mimi nina mke."

Fundi akaurudisha uma sahanini.

"Simwoni siku hizi," Posta akaendelea. "Nikirudi nyumbani hayupo. Nafikiri amesikia habari zetu, ameninunia. Watu wana midomo. Wewe ni mtu mwema, umenisaidia sana, lakini wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao."

"Mkeo yukoje?" Fundi aliuliza.

"Mshonaji. Mkali kidogo." Akatabasamu kwa namna ambayo Fundi alikuwa hajaiona tangu zamani. "Anapenda keki upande wa chini. Ngoja nimfungie."

Akala ule upande wa juu wenye sukari, taratibu, mpaka ukaisha. Wa chini akaufunga kwenye karatasi ya kufutia mikono, pembe nne zimekunjwa sawasawa kama kifurushi cha posta, akautia mfukoni mwa shati la kijivu. Ndugu waliokuwa karibu walimwona Fundi analia, wakaambiana kwamba ni furaha.

Waliondoka jua likiwa bado juu. Njiani Posta alitembea hatua mbili mbele yake, kama mtu asiyetaka kuonekana na mwanamke. Walipofika nyumbani alisimama mlangoni, akageuka, akampa mkono.

"Ahsante, mwalimu. Nimefika. Yumo ndani, lazima yumo, leo ni Jumapili. Usibishe hodi, tafadhali. Asikuone."

Akasimama pale amejaza mlango, hapiti wala hampishi. Fundi alitazama ule mkono uliokuwa umeshika wake. Kisha akaenda. Alizunguka nyumba mbio, yeye na miaka yake sitini na nne, akapitia uchochoro wa jirani penye mitungi ya maji, akafungua mlango wa jikoni kwa ufunguo. Alitupa kilemba cha sherehe. Akajifunga aproni yake ya kushonea, akauvaa utepe shingoni, akajipaka maji usoni. Moyo ulimwenda mbio kama wa mwali. Akaufungua mlango wa mbele kutoka ndani.

"Umechelewa," akasema. "Karibu, mwenzangu."

Posta alimtazama. Alimtazama muda mrefu, kuanzia utepe mpaka miguuni, na uso wake ukajaa masikitiko.

"Mwalimu," akasema. "Umeingiaje humu?"

Hakumgombeza. Alimpita polepole, akaingia, akachungulia chumbani, akachungulia jikoni, akaita mara moja. Kisha akaketi mezani, akatoa kile kifurushi mfukoni, akakiweka mbele ya kiti kitupu, kile cha upande wa dirisha ambacho Fundi alikikalia miaka yote. Fundi alizitazama kadi zilizokuwa kwenye kikapu cha nyuzi. Alifikiri kuukata uso wake naye kwenye picha, ajipe namba thelathini na mbili. Posta angejifunza. Angejibu vizuri kabisa, "Thelathini na mbili, mke wangu," halafu angemtazama mwalimu kuona kama amepata.

"Atakuja sasa hivi," Posta akasema. "Kaa, ukitaka. Utamweleza mwenyewe kwamba hatuna ubaya."

Fundi akavuta kiti cha upande wa pili, akakaa, wakamngoja.