Hatua Nne za Kitinda Mimba

Mpima ardhi haitoi penseli sikioni hata akiwa nyumbani, na kabla ya kuandika namba yoyote hulamba ncha yake, kisha hujisemea "naam" taratibu. Tangu juzi ametandaza mezani ramani ya bustani ya michezo atakakokwenda na mkewe na watoto kustarehe siku tatu, bila haraka, kama alivyoahidi mwenyewe. Kila njia ameshaipima kwa rula na kuiandikia dakika zake: langoni hadi kwenye bembea, kwenye bembea hadi kwenye treni ya watoto.

"Baba watoto," mkewe akauliza, "mbona hapa umeandika kupumzika dakika saba tu?"

"Kwani ni chache?" Alishangaa kwa dhati.

Kilichobaki kilikuwa kupima hatua za kitinda mimba wake, ajue mwendo wa mdogo kuliko wote, basi akamsimamisha mwanzo wa korido, akakunjua futi kamba. "Haya mama, tembea." Mtoto akapiga hatua nne, akaona sisimizi, akalala kifudifudi kumtazama. Baba akangoja. Akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Baba," mtoto akanong'ona bila kuinua kichwa, "ndiyo tumefika?"

Mpima akaiacha futi kamba sakafuni. Akarudi kwenye ramani yake, kidole kikitambaa njia hadi njia, akitafuta mahali pa sisimizi.